Mtani Wangu Alizikwa Bila Kutukanwa

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, nimefiwa na mke, naishi Biryogo hapa Kigali kwa binti yangu na mume wake. Wengi mnaosoma ni vijana, mniwie radhi nikianzia mbali.

Nilikulia ukimbizini, Kigoma. Huko nilipata rafiki ambaye nitamwita Kobe, maana ndivyo nilivyomwita maisha yake yote. Yeye aliniita Mkia. Wenyeji wa kule walikuwa na watani. Mtu akifa, mtani wake huja msibani akamtukana marehemu, akaiga mwendo wake, akashuka kaburini na kulala humo mpaka abembelezwe kutoka, wafiwa wakicheka huku machozi yanawatiririka. Sisi wakimbizi hatukuwa na wa kutufanyia hivyo. Siku tuliyomzika baba yake, mazishi makavu, watu wanne na shehe, Kobe aliniambia njiani, "Sitaki kuzikwa kama mgeni. Nikifa uje unitukane."

Nikamjibu, "Nitakutukana hata usipokufa."

Tuliporudi Rwanda, mimi nilibaki Kigali, yeye akaenda kwao Rusizi, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Tulipigiana simu kila Ijumaa baada ya sala, na salamu ilikuwa moja tu: "Hujafa bado?"

Mwaka huu moyo ulinisumbua, nikalazwa. Daktari alimwambia binti yangu nisipewe habari za kunishtua. Nilipotoka hospitali nikaulizia simu yangu, binti akasema imeharibika, iko kwa fundi. Nikaomba tukamwone Kobe. "Papa, subiri upate nguvu," akawa ananijibu hivyo kila nikiuliza. Mwishowe walikubali.

Tuliondoka alfajiri, mkwe wangu akiendesha. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Baada ya mashamba ya chai ya Kitabi tukaingia msituni, ukungu umelala barabarani, kona baada ya kona. Binti akaomba gari lisimame. Akashuka, akasimama ukingoni akiwa ametupa mgongo. Mbele kidogo akaomba tena. Nikamwambia, "Mtoto wa Biryogo, milima imekushinda. Kobe atakucheka wiki nzima." Hakucheka. Mume wake akamnong'oneza, "Mwambie." Mimi nikajua ni mimba, nikafurahi kimoyomoyo na kujifanya sikusikia.

Tulipofika, binti alisema, "Papa, tuongee kwanza humu garini." Nilikuwa nimeshafungua mlango. Nikasimama langoni kama nilivyozoea, nikapaza sauti: "Kobe, hujafa bado? Toka nje, waliokuja kukuzika tumefika."

 Kisha mtoto wake wa kwanza wa kiume akatoka. Akasema, "Mzee, umechelewa. Tulishamzika."

Sikumbuki nilivyoingia sebuleni. Mke wa Kobe yumo edani, kwa hiyo tuliongea pazia likiwa kati yetu. Nilimjua kwa sauti.

"Shemeji," akasema, "alikuuliza mpaka mwisho. Alisema asishushwe kaburini kabla Mkia hajaingia kwanza. Tukapiga simu yako, tukaambiwa utapewa habari. Watu walisimama makaburini tangu adhuhuri. Shehe akasema maiti hacheleweshwi. Tukamwomba. Alasiri ikapita. Kila gari likipanda kilima vijana wanasema, ndiye huyo. Mbona hukuja?"

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Hapo ndipo nilipoelewa simu ilikuwa kwa fundi gani.

Huyu mtoto ndiye aliyenilisha kwa kijiko hospitalini. Jina lake alipewa na Kobe mwenyewe. Nikasema, "Shemeji, nilijisikia mzito. Safari ni ndefu."

 Nyuma ya pazia akasema, "Mzito. Ingekuwa ni wewe umekufa, yeye angevuka Nyungwe kwa miguu."

Hata hivyo alituletea chakula, na wakati wa kuondoka akampa binti yangu kikapu cha parachichi, akamwita "mwanangu." Mimi sikuagwa. Mtoto wa marehemu alinisindikiza mpaka kwenye gari, akasema kwa adabu kabisa, "Kwenye arobaini usijisumbue, mzee. Safari ni ndefu."

Wakati wa kurudi tukafika katikati ya msitu. Binti akaanza kulia. "Papa, ihangane, nivumilie. Mama nilimzika mwaka jana. Niliogopa nitawazika wawili siku moja. Nilitaka kukuambia kila tuliposimama, nikawa nakuona unacheka."

Nimemsikia. Sijamjibu mpaka leo. Tunakula meza moja, ananiwekea dawa zangu kwenye kisahani, nami nasema asante. Simu yangu amenirudishia. Ijumaa iliyopita baada ya sala niliishika mkononi, nikakaa nayo tu.

Sasa arobaini inakaribia. Nikiwaambia ukweli watu wa Rusizi, nitakuwa nimemvua nguo binti yangu mbele ya familia inayomhesabu kama mtoto wao, na kosa lake ni kuogopa nisife. Nikinyamaza, watoto wa Kobe watawasimulia watoto wao kwamba baba yao alikuwa na rafiki mmoja duniani, na rafiki huyo alimtupa kaburini kwa sababu ya uvivu wa safari. Mke wa Kobe ni mzee kama mimi. Huenda hatutapata nafasi nyingine ya kuongea, hata kwa kupitia pazia.

Niende arobaini nikiwa nimekatazwa? Niseme, au nibebe? Nishaurini, wanangu, msiogope umri wangu. Na kama yupo kati yenu aliyekulia penye watani, anijibu hili moja: kaburi likishafukiwa, mtani bado anaruhusiwa kulitukana?