Jumamosi za Kupanda Kinu

Wajukuu zangu hapa Majengo wana kipindi chao cha maswali kwenye televisheni. Anayekosa jibu humwagiwa uji kichwani, nao hucheka mpaka wanashika mbavu. Juzi mmoja akaniuliza mbona mimi sicheki, au sielewi mchezo. Mchezo nauelewa. Watu hawakai pale kumtazama anayejua. Anayejua anachosha upesi. Wanamsubiri asiyejua, na hasa yule aliyedhani hatagundulika. Mimi niliujua utamu huo miaka ya Ujamaa, wakati Ufipa hakuna aliyewahi kuiona televisheni.

Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Mbeya, nimepangiwa kijiji kimoja upande wa Mwazye, nifundishe watoto asubuhi na watu wazima alasiri. Kisomo kilikuwa lazima kwa kila asiyejua kusoma, lakini ulezi ukiiva lazima hiyo ilisahaulika, nikabaki na wanawake wanne na mabenchi matupu. Ndipo nikabuni chemsha bongo ya Jumamosi. Kanuni yake ilikuwa ya kishenzi, nami niliionea fahari. Ukiulizwa swali, hujibu. Unamtaja mtu unayeamini hajui. Akishindwa, unapata kipande cha sabuni, na siku hizo sabuni ilikuwa haionekani dukani. Yeye anapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, anasimama hapo mpaka apatikane mwingine. Akijibu sawasawa, sabuni ni yake na zamu ya kutaja ni yake. Haukupita mwezi, watu wakawa wanajaa mpaka madirishani.

Katekista wa kijiji hakuwa mwanafunzi wangu. Padri alifika mara chache, kwa hiyo Jumapili yeye ndiye aliyesimama mbele, akafungua kitabu na kusoma Injili kwa sauti nene. Hakunipenda. Aliwaambia watu kwamba huyu mtoto wa Mbeya hata Kifipa hajui, sasa atawafundisha nini. Watu walicheka, nami nikaliweka moyoni.

Kanisa la kwetu halikuwepo kule, hivyo nilisali kwao. Jumapili moja nilikaa mbele kabisa, pembeni, nikaona kitabu chake kimefunguliwa kwenye kurasa za nyimbo, na huku yeye anasoma Injili bila kukosea neno. Alikuwa amekulia jikoni misheni, akayashika yote kwa masikio. Sijawahi kufurahi kanisani kama siku ile.

Nikamwalika kwenye chemsha bongo kama mgeni wa heshima, na swali la kwanza nikampa yeye: nani asome sentensi iliyoandikwa kwenye kibao? Hakufikiri. Alimtaja mkewe, mmoja wa wale wanawake wanne, akasema mama huyu huja darasani kupiga soga tu. Watu wakacheka. Mama akasimama, akapokea kibao na kusoma bila kukwama kwamba mahindi yapelekwe ghalani kabla ya mvua. Alipigiwa makofi mengi. Mumewe naye alipiga, kidogo.

Sasa zamu ya kutaja ilikuwa ya mkewe. Alimtazama mumewe, na mimi nilijua kwamba anajua. Ningeweza kusema tuishie hapo. Nilimpa muda.

"Namtaja baba watoto," alisema.

Watu walidhani ni utani. Nikawapa mgongo, nikafuta kibao, nikaandika sentensi nyingine, nikampelekea katekista. Alikishika kifuani kama anavyoshika kitabu, akasoma kwa sauti yake ya Jumapili:

"Mahindi yapelekwe ghalani kabla ya mvua."

Nilikichukua kibao nikawageuzia watu. Bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye mwanzoni mwa mwaka alikuwa akiishika chaki kama mchi, alifuatisha herufi kwa kidole hewani, akasoma silabi moja moja kwamba ng'ombe wamekunywa maji. Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka ghalani. Katekista akapanda kinu.

Jumapili alifungua kitabu, na kabla hajaanza, mtu wa nyuma akasema kwamba ng'ombe wamekunywa maji. Alifunga kitabu akakaa, wala hakusimama mbele tena. Jumatatu nikamwandikisha kisomo, kwa kuwa sheria ni sheria.

Mkewe alinifuata nyumbani kwangu. Aliniomba nimfundishe mumewe kwao, jioni, wakiwa peke yao, maana ana kichwa kizuri na atajua upesi. Nilijua ni kweli. Mtu aliyeshika Injili nzima kwa masikio angesoma kabla ya mavuno. Nilimjibu kwamba hakuna upendeleo, wote wanasoma darasani.

"Mimi nilimkosea kwa hasira, mwalimu," alisema. "Wewe unamkosea ukiwa umetulia."

Jumamosi iliyofuata kila niliyemuuliza alimtaja katekista, kwa kuwa sabuni yake ilikuwa ya uhakika. Alishindwa la kwanza, akapanda kinu; alipotajwa tena alishuka, akatazama kibao, akapanda tena. Akashuka tena, akapanda tena. Mara ya tano nilipoanza tu kuuliza, hata kabla mtu hajatajwa, alitikisa kichwa.

"Usihangaike, mwalimu," alisema kwa upole. "Mimi nitakaa hapa hapa juu."

Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilicheka mpaka chaki ikanianguka, na ile ndiyo chemsha bongo tamu kuliko zote nilizowahi kuendesha. Hakuja darasani tena, akawa analipa faini ya utoro kila alipotakiwa, nami sikumfuata. Haya iliniingia baada ya miaka mingi, nilipopata habari kwamba amefariki, na kwamba mpaka anakufa hakujua kusoma.