Saa Niliyoachiwa

Mpaka leo sijui kama ile saa nilipewa au niliwekewa. Ningejua, ningekuwa nimeshaiuza au nimeshairudisha, mambo yakaisha. Watu wa hapa Somanga wamechoka kuniuliza, na binti yangu wa mwisho, ambaye nakaanga naye samaki kando ya barabara kuu, amechoka kunisikia. Basi naandika polepole kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu, labda nikiyaona haya kwenye karatasi yatanyooka.

Aliyeniachia alikuwa Mzungu mzee. Alikuja asubuhi na kigari chekundu, kifupi, kimelala chini kama kinatafuta kitu mchangani, na mlangoni kimeandikwa ishirini na saba kwa rangi nyeupe. Kabla yake yalikuwa yamepita mengine ya namna hiyo, sita au saba, yananguruma, yote yana namba. Madereva wa malori wakatuambia ni wazee wenye pesa zao, wanashindana kwa magari ya kizamani kutoka Kenya mpaka huko kusini. La huyu lilichemka. Likasimama mbele ya banda letu, likatoa moshi mweupe, naye akashuka, akalitazama, akaketi kwenye benchi letu kama mtu aliyefiwa.

Sisi Kizungu hatuna. Yeye Kiswahili alikuwa na "asante" na "pole pole", basi. Nikampa maji, nikampa mkeka kivulini. Mchana nikampa wali na tasi wa kukaanga, akala mpaka akafyonza kichwa cha samaki, na binti yangu akacheka, "Mama, mgeni wako hajala tangu kwao." Akatoa pesa, nikazikataa. Pesa nazipenda kama mtu yeyote. Ila mtu aliyeharibikiwa njiani akashinda mkekani kwako, huyo si mteja tena. Akazitoa mara ya pili, nikamfumbata mkono wake na pesa zake ndani, nikamrudishia. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuifikiria saa. Lakini hilo nalo sina hakika nalo.

Alasiri akatokea dereva wa lori tunayemjua, anarudi Lindi na lori tupu. Wanaume wakaweka mbao, wakakisukuma kile kigari mpaka kikaingia nyuma ya lori kama mbuzi anayekwenda mnadani. Dereva akapanda, akaanza kupiga honi. "Bibi, mwambie babu apande, giza litanikuta Mchinga!"

Ndipo mzee akavua saa mkononi. Akaiweka kwenye kiganja changu, akanifumba vidole kwa mikono yake yote miwili. Akasema maneno mengi. Akaweka mkono kifuani. Akaonyesha kusini alikokuwa anakwenda, kisha akaonyesha chini, pale pale miguuni pangu. Halafu akanifumbua vidole tena, akabonyeza kitufe cha ubavuni, mshale mmoja mwembamba mwekundu ukaanza kukimbia. Akacheka peke yake, akapanda lori, wakaondoka.

"Umepewa, Mama," binti yangu akasema hata vumbi halijatulia.

"Nimewekewa amana."

"Amana ya nini? Amesema yeye anakwenda, saa inabaki hapa."

"Amesema anakwenda huko, akimaliza atarudi hapa."

"Mtu anayerudi anaacha saa ya nini?"

"Anapanda lori la watu asiowajua. Anaogopa kuibiwa."

"Na ule mshale kauwasha wa nini?"

Mimi nilidhani ananiambia nihesabu mpaka atakaporudi. Nikaiacha ikimbie, nikaifunga kwenye leso safi, nikaiweka kabatini chini ya kanga zangu, maana amana huivai.

Nikaifungua kesho yake kuitazama. Sijawahi kuona saa ya namna ile. Ndani ya saa mlikuwa na saa nyingine tatu, ndogo kama vifungo vya shati. Moja ilikwenda, moja ilijivuta, moja nikadhani imekufa. Ukingoni, mahali ambapo ungetegemea namba za kawaida, kulikuwa na mia nne, kisha mia mbili, kisha mia na kitu, zinashuka mpaka sitini. Nikaizungusha huku na huku. Hakuna saa mia nne. Hata kwa Wazungu nadhani hakuna.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, ikasimama yote. Mishale mikubwa, midogo, ule mwekundu, yote kimya. Amana imenifia mkononi! Mtu kaniachia kitu kizima, sijakaa nacho siku mbili, nimeshakiua. Sikumwambia binti yangu. Nilikaanga samaki siku hiyo nimewatia chumvi mara mbili, wateja wakalalamika, nikawaambia bahari imezidi chumvi.

Kesho yake nikasema nakwenda kumwona mgonjwa, nikapanda gari mpaka Kilwa Masoko kwa fundi wa saa na redio. Nikaifungua leso mezani kwake kama mtu anayefunua uso wa maiti.

"Shikamoo bibi. Umeiua?" akaniuliza, anacheka.

"Marahaba. Ndiyo, nimeiua. Itapona?"

Akaiweka sikioni. Akaitazama kwa kile kioo chake cha jichoni, na kicheko kikamkatika. "Bibi, umeijaza?"

"Kuijaza nini?"

Akashika kile kichwa kidogo cha ubavuni kwa vidole viwili, akakizungusha mbele kama anayesokota uzi. Saa ikalia. Yaani ikaanza pale pale, tik tik tik, na mimi nikaanza kulia pia, sijui kwa nini.

"Haina betri hii," akasema. "Inataka mkono wa mtu kila siku. Usipoijaza, inalala." Akanieleza na yale mengine. Ni saa ya mashindano ya magari. Gari likianza kilomita unabonyeza, likimaliza unabonyeza tena, na mshale ukisimama kwenye mia mbili, ujue gari lilikuwa linakwenda mia mbili. Tena inaikata sekunde moja vipande vipande.

"Vipande vya nini?"

"Kujua nani kamshinda mwenzake."

"Kwa kipande cha sekunde?"

"Ndiyo, bibi."

Nilirudi na fikra hiyo kichwani. Hapa kwetu basi la saa nne likifika saa sita tunasema limewahi. Mtu anaikata sekunde vipande, anashinda, kisha gari lake linachemka na anashinda kutwa mkekani kwangu anafyonza kichwa cha tasi. Sikuielewa, na siielewi.

Ila jambo jipya likaniingia. Kama inataka mkono kila siku, basi mimi nikiijaza, je, ninaitumia? Amana haitumiwi. Nikamwuliza maalimu wetu wa msikitini. Akasema mtu akikuwekea mbuzi, unamlisha, hiyo si kumtumia, ni kumtunza. Nikamwambia mbuzi asipolishwa anakufa, lakini hii fundi kasema inalala tu. Maalimu akakuna ndevu. Akasema suala hilo atawauliza wakubwa zake. Hajanijibu mpaka leo, na nikipita anaanza kuzungumzia mvua. Basi nikawa naijaza, kwa sababu ikisimama moyo wangu unakwenda mbio.

Dereva wa lori alipopita tena nikamwahi hata hajazima injini. "Yule babu alikuambia nini njiani?"

"Hakuniambia kitu, bibi. Alikoroma mpaka Mchinga. Alipoamka akaimba."

"Hakutaja saa?"

"Saa ipi?"

"Jina lake nani?"

"Mimi nilimwita babu, akaitika."

Hapo nikajiona mjinga. Mimi majina hayanipotei. Waliokula kwenye benchi letu miaka yote hii ninawajua, na watoto wao, na aliyekuwa akija na mke wa kwanza na aliyekuwa akija na wa pili. Hapa siwaandiki, lakini ninao wote. Huyu mmoja, aliyeniachia kitu, ndiye pekee ambaye sikumwuliza anaitwa nani.

Mvua zikaja zikaisha. Kumbe fundi wa Masoko aliipiga saa picha kwa simu yake nilipokuwa nafuta machozi, na picha ikafika Dar es Salaam. Siku moja likasimama gari jeupe, akashuka kijana wa heshima, shati limepigwa pasi, akanipa shikamoo mara mbili. Akasema ananunua saa za zamani. Nikamletea leso. Akavaa glovu nyeupe kama daktari kabla hajaigusa. Akaitazama muda mrefu, akapumua.

"Bibi," akasema, "za namna hii ukizikusanya za dunia nzima hazijazi sanduku."

Akataja anachotoa. Binti yangu akaketi juu ya mzigo wa kuni. Lazima niseme hapa, huyu mtoto wangu ana shida moja, nayo ni friza. Samaki wakiwa wengi tunawauza kwa bei ya kutupa, wakiwa wachache hatuna. Barafu inatoka mbali na inafika maji. Amekuwa akiota friza tangu mumewe afariki. Na kwa alichotaja yule kijana, angeweka friza na chumba cha tofali cha kuiwekea.

"Sawa?" kijana akaniuliza.

"Sawa," binti yangu akajibu.

Kijana akatoa simu. Akasema saa haina karatasi, kwa hiyo lazima anichukue video nikisema maneno yangu mwenyewe. "Sema tu bibi: saa hii ni yangu, nilipewa zawadi, nimeiuza kwa hiari yangu. Haya."

Nikanyoosha kanga. "Saa hii," nikasema, "niliachiwa na mgeni."

Akazima. "Hapana bibi, 'niliachiwa' itanisumbua. Sema 'nilipewa'."

"Aliiweka kwenye kiganja changu."

"Ndiyo, basi sema 'nilipewa'."

"Alinifumba vidole hivi."

"Mama!" binti yangu akasema. "Neno moja tu! Huko sokoni unadanganya samaki wa jana ni wa leo, leo neno moja linakushinda?"

Kweli hiyo. Nimeshasema samaki wa jana ni wa leo, Mungu anisamehe. Kijana akawasha simu mara ya tatu. Nikafungua mdomo. Nilitaka kulisema. Friza niliitaka na mimi, mgongo wangu umechoka kubeba madumu ya barafu. Lakini nilipofika kwenye "yangu" ulimi ukakaa, nikawa namtazama yule kijana na simu yake, naye ananitazama, na samaki kwenye mafuta wakaanza kunuka kuungua.

Akaishusha simu taratibu. "Bibi, una hakika si yako?"

"Sina."

"Una hakika ni ya yule mzee?"

"Sina pia."

"Sasa?"

"Sasa sijui, baba. Kaa ule samaki."

Akacheka, akala, akalipa, akaacha namba yake ya simu kwenye kikaratasi. Alivua glovu kwanza.

Binti yangu hakusema nami siku tatu. Wateja aliwasemesha, kuku aliwasemesha, mimi hapana. Siku ya nne tunapaa samaki magamba akaniuliza bila kuniangalia, "Na kama ameshakufa? Alikuwa mzee kama wewe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. "Basi ni ya watoto wake."

"Unawajua?"

"Hapana."

"Na wewe ukifa?"

Nikamwambia anawe mikono alete daftari. Akaandika, kwa sababu mwandiko wake unasomeka kuliko wangu, kwamba saa iliyo kwenye leso isigawanywe pamoja na vitu vyangu. Akaacha kalamu hewani. "Niandike ni ya nani?"

Nikafikiri. Nikatazama barabara. "Acha nafasi," nikamwambia. Akaacha mstari mtupu, akafunga daftari, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu yule kijana aondoke.

Tangu siku hiyo tunamtafuta sote. Mimi ili nimrudishie, yeye ili amsikie kwa masikio yake akisema nilikupa, bibi, uza. Madereva wote wa njia hii tumewaagiza, wengine wanatucheka, wengine wanatuuliza kigari hicho kilikuwa cha rangi gani hasa. Binti yangu amejifunza kwa mwalimu wa shule maneno mawili matatu ya Kizungu ya kuuliza. Jana lilisimama gari la Wazungu wazee, mume na mke. Aliacha samaki kwenye mafuta akakimbia, kanga inapepea, huku anayarudia yale maneno asiyasahau. Nikasimama mlangoni nimeshika leso, nawaangalia wanavyonyosheana mikono na kutikisa vichwa.

Walikuwa wanatafuta choo. Akawaonyesha.