Nilimweleza Mtafiti Tunavyowazuia Mgambo, Sasa Wenzangu Wananiita Msaliti

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Admin, naomba jina langu lisionekane popote, maana mama mkwe naishi naye nyumba moja na ana wajukuu wanaomsomea simu.

Nina miaka ishirini na sita, niko hapa Songea. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Mume wangu yuko machimbo ya makaa ya mawe huko Mbinga, akipata ruhusa anakuja, asipopata tunaongea kwenye simu. Mimi nauza mboga na dagaa pembeni ya barabara Lizaboni na kina mama wenzangu. Tuna umoja wetu, na mwenyekiti ni huyo huyo mama mkwe.

Pale tunapouzia haturuhusiwi. Mgambo wa manispaa wakija kutufukuza tuna njia yetu ya siku nyingi. Sisi tunaonyonyesha tunakaa chini mbele ya gari lao na kunyonyesha. Wale ni wanaume, wanaona aibu kumgusa mama aliyetoa ziwa. Wakibaki wanababaika na kuangalia pembeni, wenzetu wanafunga mizigo wanaingia kwenye nyua za watu. Imetuokoa sana hiyo.

Akaja dada mmoja wa chuo kikuu. Alisema anafanya utafiti wa jiografia, tukacheka, maana jiografia tunayoijua sisi ni ya milima na mvua. Akasema yake ni ya watu na miji, nani anaruhusiwa kukaa wapi, na wanaofukuzwa wanaungana vipi. Mama mkwe akaniita pembeni. "Wewe ndiye umefika fomu foo. Ongea naye, mweleze yote, labda atatusemea."

"Hata ile ya kunyonyesha, mama?"

"Hiyo ndiyo uieleze vizuri, wajue tunavyoteseka."

Nikaeleza. Yule dada akalia kabisa. Baadaye akaenda kuwasomea utafiti wake wakubwa wanaosimamia mji, majina yetu ameyaficha kama alivyoahidi. Alinipigia amefurahi, eti wamemsikiliza kimya, mpaka wengine wanaandika.

Mgambo walipokuja tena, walikuja na wanawake. Mimi nimeshakaa chini na mwanangu, naona wanaoshuka ni akina mama kama mimi. Mmoja akaniinamia anacheka, "Nyonyesha haraka dada, leo tumekuja wenye maziwa wenzio." Akamchomoa mtoto ziwani. Mwingine akanivuta mkono mpaka pembeni. Mwanangu analia, yule mama anamrusharusha na kumwimbia, wenzake wanapakia mizigo yetu yote garini. Walipomaliza ndio akanirudishia mtoto, akaniambia ana afya nzuri.

Jioni ile tukakaa kikao. Nani kasema? Macho yote kwangu. Nikamtazama mama mkwe, nikijua atanyanyuka kunitetea. Akafunga khanga yake vizuri, akasema, "Mimi nilimwambia amkaribishe mgeni. Ya ndani kayatoa mwenyewe."

Ndugu zangu, nilimbeba mwanangu nikatoka.

Tangu siku hiyo nikitandika mboga zangu, wao wanabeba zao wanasogea mbali, na wateja wanawafuata. "Profesa, leo somo gani?" "Jamani msipige chafya, itafika chuo!" Mtoto wangu mkubwa alipougua, hakuna aliyeleta hata uji, na mimi ndiye nilikuwa nawapikia wao wakijifungua. Nikampigia yule mtafiti. Akasema, "Pole sana mdogo wangu. Lakini hilo nalo ni muhimu kwenye utafiti. Naweza kuja tuongee jinsi wanavyokutenga?" Nikakata simu.

Nyumbani mama mkwe hana neno baya. Anambeba mtoto, ananiwekea chakula. Juzi asubuhi tunachambua dagaa nikamuuliza, mama, kwa nini? Wala hakubisha. "Wakinitoa mimi nani atawashika wale? Watatawanyika kama vifaranga, na mgambo watakuwa wamemaliza kazi. Ukitoka wewe, umoja unabaki. Vumilia mwanangu." Akapepeta kidogo, akaongeza, "Na ukinitaja, mume wako atamchagua mama yake. Unamjua."

Kinachoniuma ni kwamba hakuna alichodanganya hapo. Bila yeye wale kina mama hawana umoja, na kwa mume wangu pia nadhani amesema kweli. Ila na mimi nina watoto, na sina pengine pa kuuzia.

Jumapili hii baada ya misa wanakaa kunitoa rasmi. Nimeambiwa nitapewa nafasi ya kusema neno moja, halafu niombe msamaha. Mama mkwe ndiye atakayekuwa mbele, anaongoza kikao.

Msinitukane, nimeshatukanwa vya kutosha. Wenye umri wa mama zangu na walioolewa wakakaa na wakwe, niambieni: nimtaje mbele ya wote umoja uvunjike, au niombe msamaha wa kosa nililotumwa?