Video ya Sahra kwenye Simu ya Ngamia

Nilitoka Garissa alfajiri kwa sababu harusi ya Buna ilitaka mpiga picha mwanamke. Chumba cha wanawake huko, mitandio ikishavuliwa na ngoma kuanza, mwanamume hakanyagi. Basi nikabeba kamera yangu na mdomo wangu, nikapanda basi.

Wajir nililala kwa mama wa bibi harusi, Eedo Halima. Eedo ni shangazi, na huku kila mama wa rika lake tunamwita hivyo. Maskini, alikuwa amevunjika mguu, plasta mpaka gotini, na barabara ya Buna haina huruma.

"Abaayo, dada yangu," akanishika mkono, "mtoto yangu ya mwisho anaolewa na mimi nalala hapa kama gunia. Leta yeye kwa simu yangu. Nione akicheza."

"Hilo si neno, Eedo."

Buna nilifika kwa pikapu, vumbi limenijaa hadi masikioni. Lakini harusi, wee! Mlangoni simu zote zilikusanywa kwenye beseni, ikaachwa kamera yangu tu. Sahra, bibi harusi, alicheza, nami nikamrekodi mwanzo hadi mwisho. Kisha akaninong'oneza, "Hiyo ni ya mama peke yake. Mwanamume asione." Nikamwapia.

Kurudi Wajir, napekua mkoba, kisomea kadi, kile cha kuhamishia picha kwenye simu, nimekiacha Garissa! Haidhuru, kamera ina Wi-Fi yake. Nikaweka programu kwenye simu ya Eedo, nikaunganisha, na picha moja ya mikono ya Sahra yenye hina ikapita. Nikagusa video. Simu ikagoma, imejaa. Imejaa nini? Ngamia! Ngamia wanakunywa kisimani, ngamia wanakamuliwa, ngamia wameonyeshwa chapa za shingoni.

"Nifute huyu?"

"Huyo anauzwa."

"Na huyu?"

"Huyo mama yake."

"Eedo, chagua basi! Ngamia ama Sahra?"

Akacheka mpaka mguu ukamuuma. "Futa yote."

Video ikaingia polepole, nami nimeziweka kamera na simu bega kwa bega zisije zikaachana. Eedo alipomwona binti yake, alipiga vigelegele palepale kitandani. Akarudia kuitazama, akarudia tena, machozi yanamtiririka.

Mara mumewe akaita kutoka uani. Mnunuzi amefika sokoni, lete simu aone ngamia. Kumbe kila siku simu ile huenda sokoni, wanaume wanapokezana! Na mimi nimemwapia Sahra!

"Ngoja kidogo," Eedo akamjibu. Akaitazama mara moja tena, akanipa simu. "Futa, abaayo. Nimeona."

Nikafuta, na nililia, sioni haya kusema. Halafu nikachomoa kadi kwenye kamera, nikamtilia kiganjani. Akaifunga kwenye pindo la mtandio wake, fundo la kukata na shoka. Mumewe akachukua simu, akaikodolea macho.

"Ngamia yangu iko wapi?"

"Malishoni," akasema Eedo. "Enda piga picha tena."

Sasa niko Garissa na kadi mpya. Mtu akiniomba nimtilie video kwenye simu, siulizi kwanza ina nafasi kiasi gani, nauliza inashikwa na nani. Eedo bado hana chombo cha kuionea ile kadi. Amesema plasta ikitoka tu atakuja kwangu, na mlango nitafunga mimi.