Mchore Akiwa Macho

Paskalina alirudi Rangwi akiwa ameacha utawa kabla ya kuweka nadhiri, na kijiji hakikujua kimweke fungu gani. Hakuwa sista, hakuwa mke wa mtu. Aliishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, na kazi yake ilikuwa kuchora. Masista walikuwa wamemfundisha kuchora kwa wino, na Serikali ilipoanza kuhimiza watu wazima wajifunze kusoma, ofisi moja ya vitabu Dar es Salaam ikawa inamwandikia: tuchoree mama anapalilia, tuchoree kisima, tuchoree zahanati. Alichora mezani karibu na dirisha, akazifunga picha ndani ya karatasi ngumu, akapanda basi kuzipeleka posta Lushoto.

Majirani hawakuiona hiyo kuwa kazi. Siku za shamba la kijiji alishika jembe kama wengine, lakini wanawake walimpisha kama mgeni. Walikuwa wakitaniana kwa Kishambaa, na yeye akikaribia, walihamia Kiswahili cha adabu, ingawa Kishambaa ndiyo lugha aliyozaliwa nayo.

Aliyeingia kwake bila kusubiri aitikiwe hodi alikuwa Yunis peke yake, mke wa jirani. Alikuja jioni, akishamaliza kukata majani ya ng'ombe, na bintiye Selina mgongoni. Waliota moto jikoni, wakamenya viazi. Jioni moja Selina alisinzia mapajani mwa mama yake, mdomo wazi, na Paskalina akawachora. Kabla ya mavuno surua ilipita milimani, ikamchukua Selina. Yunis hakuacha kuja. Walikaa, moto ukiwaka, bila maneno mengi.

Mwaka uliofuata ofisi iliomba picha ya mama aliyempakata mtoto. Paskalina aliitoa ile ya jikoni, akaitia wino, akaituma. Hakumwambia Yunis. Moyoni alifurahi kwamba Selina angeonekana nchi nzima, na Yunis, aliyekwisha kujiunga na kisomo, angekutana naye mwenyewe darasani.

Vitabu vilifika wakati wa baridi. Efrazia, aliyesoma darasa moja na Yunis, ndiye aliyemsimulia Paskalina yaliyotokea. Mwalimu alimsimamisha Yunis asome. Akafuatisha kwa kidole, silabi kwa silabi, kwa sauti ya kusikika: "Mama huyu hachemshi maji ya kunywa. Mtoto wake anaumwa." Alipomaliza, akiwa na furaha ya kumaliza, ndipo akainua macho kutazama picha. Kanga ilikuwa yake. Mtoto alikuwa wake. Wenzake walikwisha kuwatambua.

Jioni ileile Paskalina alikwenda kwa Yunis. Yunis alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi. Hakuinuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Yunis, maneno yale si yangu. Mimi natuma picha, maneno wanaweka wao."

"Nilikuwa nachemsha maji," Yunis alisema. "Selina aliuawa na surua."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, lakini hukuniuliza."

Paskalina alisimama pale, punje zikidondoka kwenye ungo, mpaka akaona aibu ya kusimama.

Aliiandikia ofisi. Wakamjibu kwa upole kwamba vitabu vimeshasambazwa mikoani, wakamwomba picha nyingine. Akachora. Jioni alijipikia kidogo, akafunga mlango mapema. Kuna siku alimfukuza kuku, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe, maana hakuwa ameitumia tangu asubuhi.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Yunis alipobisha hodi mchana mmoja, akabaki kizingitini.

"Karibu, kaa."

"Sikai, dada. Mle kitabuni amelala, ndiyo maana wakasema anaumwa. Mchore akiwa macho."

Paskalina alitandaza karatasi. Yunis alisimama nyuma ya bega lake.

"Macho hayakuwa makubwa hivyo. Na akicheka shavu moja linabonyea. Siyo hilo. Hili."

Paskalina akafuta penseli, akarudia. Alipopatia, Yunis aliteremka taratibu akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Paskalina aliweka penseli chini, akangoja.

Kisha akaitia picha wino, na wino ulipokauka Yunis aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, dada."

"Jioni njoo tuote moto."

"Nitaona," alisema Yunis.

Hakuja. Njiani walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani, kila mmoja akaendelea na safari yake. Mwaka wa watu kuhamia vijiji vipya, mume wa Yunis aliandikishwa kwenda tambarare, upande wa Mombo. Lori lilipokuja Paskalina alikwenda kuwaaga. Yunis alimpa mkono kwa heshima, akamwuliza hali ya kifua chake katika baridi ile, kama ambavyo angemwuliza mkubwa wake yeyote. Kisha akapandishwa juu ya magunia na vyungu, lori likateremka, likapotea kwenye kona.

Paskalina alirudi nyumbani. Ofisi ilikuwa imeomba picha ya familia wakati wa chakula. Alichora meza, akachora bakuli na mtungi, kisha akakaa kitambo kirefu kabla ya kuanza watu.