Githeri, Farasi Aliyechaguliwa na Mama Yangu

Kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na siku hiyo nilikuwa nimeketi chini kwenye mchanga, kofia imenikaa upande, nikimtazama farasi wangu akipotelea katika shamba la viazi la watu.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia unatafuta farasi wako wa kwanza, wa mchezo wa dresaji, na kwamba simu yako imejaa picha. Mimi nimestaafu. Magoti yananuna nikipanda ngazi tu, sembuse mgongo wa farasi. Lakini jambo hili nalijua, kwa kuwa nililikosea vizuri kabla ya kulipata.

Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi huku Naro Moru. Jirani wa shule alifuga farasi, na jioni alikuwa akinifundisha kupanda. Sikupenda mbio wala kuruka vizuizi. Nilipenda dresaji, pale mnapoingia wawili tu kwenye uwanja mdogo wa mchanga, wewe na farasi wako, mkatembea, mkaenda mbio ndogo, mkageuka, mkasimama, huku jaji akiangalia kama mnyama anakusikia bila kupigiwa kelele. Watu wote hunyamaza. Ni kama kanisani wakati wa maombi, ila hapa anayeombwa ni farasi.

Basi nikasikia kuna farasi wa mbio amestaafu Nairobi na anauzwa bei ya kutupa. Mwanangu, nilipomwona nilisahau jina langu. Alikuwa mrefu, mwekundu, anang'aa kama kiatu cha siku ya Krismasi. Jina lake Mfalme. Mtunza farasi wa yule jirani, Mborana mmoja wa Marsabit aliyeitwa Guyo, alimzunguka mara mbili, akanivuta kando.

"Mwalimu, huyu ni moto," akasema. "Wewe hutaki moto. Wewe unataka jiko."

"Kizuri chajiuza, Guyo," nikamjibu, na kichwa changu kilikuwa juu kuliko cha farasi.

Sikumpanda hata mara moja kabla ya kumchukua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kama mimi langu halikuvunjika ni kwa neema tu. Kumbe bei ya kununua farasi ni mlango. Nyumba yenyewe iko ndani. Mfalme hakushiba kwa nyasi, alitaka nafaka asubuhi na jioni. Baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani alitetemeka, akataka blanketi. Kwato zake zilimeguka kama biskuti, na fundi wa kwato akawa mgeni wa kila mara. Nami nikaacha kununua nyama. Nilijiambia uzuri una gharama zake.

Jumamosi ile ilikuwa ya mashindano yangu ya kwanza, karibu na Nanyuki. Nilimwalika mama yangu aje kutoka Kangema. Yeye ni mwanamke wa majani chai na ng'ombe wawili, na hakuwa ameelewa kwa nini mtu aliyesoma anataka kukaa juu ya mnyama. Alikuja na chupa ya chai, gauni lake la kanisa, na mwavuli mkubwa wa maua.

Niliingia uwanjani vizuri. Tukatembea. Tukageuka. Halafu manyunyu yakaanza, na mama, kama mtu yeyote mwenye kichwa kilichosukwa jana, akafungua mwavuli. Pwaa!

Mfalme alipaa. Alitoka chini yangu kama meza inayovutwa na kitambaa kikabaki, akaruka zile fito nyeupe za uwanja, akakatiza katikati ya magari, akaenda zake kwenye viazi. Kitambaa nilikuwa mimi.

Mama alikuja mbio, akanishika mikono, miguu, akahakikisha niko mzima. Kisha akamimina chai, akanipa. Akaningoja ninywe nusu kikombe.

"Wambui," akasema, "ile farasi inakubeba ama wewe ndio unaibeba?"

Niligeuka kutazama viazi.

"Mimi nikitaka maziwa ya chai ya watu wanne, naenda kununua ng'ombe ya maonyesho? Ile ya kuogeshwa na sabuni? Shamba yangu ni kama leso. Nilichagua ng'ombe ya kutoshea nyasi yangu. Sasa wewe, ulichagua ya kutoshea nini?"

"Macho, Maitu," nikasema. Maitu ndilo neno letu la mama.

Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso yake, nami nikaanza kucheka, mchanga umejaa mdomoni, na watu waliokuwa wakituonea huruma wakacheka pia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi siku ile nilifunzwa na wote wawili kwa pamoja.

Usidhani Mfalme alikuwa mbaya. Dada mmoja wa huko Timau, mpandaji hodari wa kuruka vizuizi, alimchukua mwezi huohuo, na nilipomwona tena alikuwa amenenepa na masikio yameelekea mbele, ana uwanda mzima wa kukimbia. Kosa halikuwa lake. Nilimpa kazi isiyo yake.

Guyo hakuniambia "si nilikwambia." Alisema tu kwamba anamfahamu mzee mwenye farasi wa kuuza upande wa Timau. Mama aliposikia, akakataa katakata kurudi Kangema. "Mtu haendi soko ya mifugo peke yake," alisema, na mwavuli akaubeba.

Guyo akatupeleka, na yule mzee akatutolea farasi watatu. Wa kwanza alikuwa mkubwa, wa damu ya Ulaya, mwendo wake laini kama uji unaomiminwa. Mama akauliza anakula nini, akajibiwa, akaguna: "Huyu anakula kama harusi." Wa pili alikuwa farasi mdogo wa Kiborana, mgumu, mwenye busara, lakini mimi ni mrefu, na miguu yangu ilikaribia kufagia nyasi. Wa tatu alikuwa jike, chotara wa hao wa Kiborana na wale wa mbio. Hakuwa mrefu wala mfupi. Masikio makubwa kama ya punda, na rangi yake kahawia, nyeupe na kijivu imechanganyika ovyo. Walimwita Githeri, kwa vile alifanana na sufuria ya mahindi na maharagwe. Moyo wangu ukashuka. Nilijiona nikiingia uwanjani juu ya chakula cha mchana.

Mama alimkaribia taratibu, akamtazama machoni, akamkagua kwato kama anayekagua viazi sokoni. Kisha, bila kumwonya mtu, akafungua mwavuli.

Githeri aliinua kichwa. Akatazama yale maua. Akapiga hatua mbili, akayanusa, akajaribu kuyala.

"Ni hii," mama akasema.

"Maitu, na masikio?"

"Utakaa kwa masikio?"

Guyo alicheka, akaniita nichuchumae pale vumbini Githeri alipokuwa amepita. "Ona, Mwalimu. Mguu wa nyuma umekanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele. Huyu anatembea na mgongo wote. Hii mashindano yako inataka mwendo kama huo, haitaki rangi. Sasa panda. Mara hii panda kwanza."

Nikampanda. Nikamwomba asimame, akasimama. Nikamwomba arudi nyuma, akafikiri kidogo, akarudi. Mwanangu, niliposhuka nilikuwa nimesahau masikio.

Githeri alishiba kwa nyasi ya Naro Moru na konzi ya nafaka. Baridi ilipokuja aliota manyoya, akaishinda. Tulifanya mazoezi karibu mwaka mzima, na mimi nikarudi kula nyama.

Mashindano yetu ya kwanza pamoja, mama alikuja tena. Nilimsihi, "Maitu, huku hakuna kelele." Akaitikia kwa kichwa. Tukaingia. Tukatembea, tukaenda mbio ndogo, tukageuka, na kila nilichomwomba Githeri alinipa kama jirani mwema anavyokupa chumvi. Mwisho tukasimama katikati ya uwanja, miguu minne sawasawa, nami nikainamisha kichwa kumsalimu jaji. Kimya kabisa.

Ndipo mama akapiga vigelegele. Vile vya kwetu, vitano, vya kupokea mtoto aliyezaliwa.

Nilifumba macho nikingoja kuruka angani. Githeri hakusogeza hata ukwato. Aligeuza sikio moja tu, lile kubwa, kumsikiliza mama mpaka akamaliza. Jaji aliweka kalamu chini akacheka, na uwanja mzima ukapiga makofi. Tulikuwa wa tatu. Nililia njia nzima ya kurudi, kwa furaha, na mama akaimba.

Sasa sikia shauri langu. Ukienda kuchagua, jiulize kwanza nyasi yako inamtosha nani na siku yako ina saa ngapi. Usidharau chotara wala farasi wa nyumbani. Wengi wana mwendo mzuri uliofichwa na manyoya mabaya. Wa bei ya kutupa, uliza kwa nini anatupwa. Mtazame akitembea kabla hajakimbia, akisimama kabla hajatembea, na umpande kabla ya kutoa mkono kukubaliana. Na uende na mtu mwenye macho asiyempenda farasi huyo kama unavyompenda wewe, maana aliyependa amekwisha kuwa kipofu.

Mungu akupe farasi mtulivu, mwenye akili kukuzidi kidogo na kiburi kidogo kuliko chako. Akulinde ukiwa mgongoni mwa farasi huyo na ukishuka. Na akujalie mtu wa kukupigia vigelegele mahali ambapo wengine wote wamenyamaza.