Hotuba kwa Wanaojitolea

Nilipostaafu kazi ya ukarani kwenye mgodi, nilikaa nyumbani majuma mawili nikimfundisha mke wangu kupika bukari, ugali wa kwetu, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini bila msaada wangu. Juma la tatu alinishika mkono akanipeleka hospitali. Yeye na wajane watatu wa mtaa wetu walikuwa wakiwaogesha na kuwalisha wagonjwa wasio na ndugu mjini. Mimi nilipewa kalamu niwaandikie barua za kwenda kwa ndugu zao vijijini, Pweto na Mitwaba.

Hakuna aliyetutuma. Hilo ndilo lililomsumbua mjumbe wa chama tawala alipotugundua.

“Sitwayeni,” akasema, yaani raia, kama chama kilivyotaka tuitane, “nani aliwapa ruhusa ya kusaidia?”

Tukaundiwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa kijana mnene ambaye hakuwahi kuingia wodini kwa sababu ya harufu. Kujitolea kukawa lazima, na asubuhi moja tukaitwa uani mwa hospitali, tupongezwe.

Mjumbe alisoma hotuba akiwa ndani ya abakosti mpya, ile suti ya chama isiyo na tai, sisi wazee tumesimama juani. Alikuwa bado kwenye shukrani kwa Kiongozi wakati mke wangu alipoinama akachukua bakuli la uji aliloliweka miguuni pake.

“Mama, unaenda wapi?”

“Kuko mugonjwa, Papa. Hayakula tangu jana.”

“Lakini tuko naongea juu yenu!”

“Endelea tu, Papa. Tutasikia kwa dirisha.”

Akaondoka. Wajane wakamfuata, nami nikawafuata wajane. Watu walifungwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Mjumbe akaja nyuma yetu na mpiga picha wake. Nilidhani tumekwisha. Kumbe alikuwa ameona picha nzuri. Akamnyang'anya mke wangu bakuli na kijiko, akakaa kitandani kwa mzee mmoja, mchimbaji wa zamani aliyepooza, akamtia kijiko kimoja kinywani, akatabasamu. Taa ya kamera ikamulika. Akataka kuinuka.

Mzee akafungua kinywa tena.

Wodi nzima ikatazama. Mjumbe akachota kijiko cha pili, cha tatu, hadi bakuli likaisha na abakosti ikapata uji kifuani.

“Aksanti, mutoto wangu,” mzee akasema. “Sasa unigeuze. Mugongo inauma.”

Mjumbe akamtazama mpiga picha. Mpiga picha akasema filamu imekwisha. Basi mjumbe akakunja mikono ya abakosti, mke wangu akamwonyesha pa kushika, naye akamgeuza yule mzee polepole, vizuri kabisa.